Kutoka Kulia: Safari ya Kimvita hadi Kwenye Kompyuta

Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuchagua Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikashindwa na Kiunguja, kikiwa nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye, mji ule ule, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akaanzisha gazeti la Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937.

Aliikuta kazi ya kuzirekebisha herufi hizo zifae Kiswahili imeshaanzwa. Kiarabu hakina p, ch wala v, na irabu zake fupi ni tatu tu. Mwandishi wa zamani aliandika ba, na msomaji ndiye aliyejua kama ni b, p au mb. Mwalimu Sikujua, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliongeza herufi ili kila sauti ya Kimvita ipate yake. Ndiye aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kukusanya tungo za mshairi Muyaka bin Haji, ambazo huenda zingepotea. Sheikh Al-Amin akaongeza alama za e na o: kasra iliyosimamishwa wima, na dhumma iliyopinduliwa.

Ng'ambo, upande wa Kisauni, wamisionari wa CMS walikuwa wameanzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yao ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina. Huko kusoma kulianzia kushoto. Katika chuo cha Kurani mtoto aliendelea kuanzia kulia, na pwani hii imeishi na pande zote mbili hadi leo.

Kompyuta zilipoingia, zilijua upande mmoja. Tatizo halikuwa mwelekeo peke yake. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikianza neno, ikikaa katikati au ikimaliza, na programu isiyojua hilo huzimwaga herufi mojamoja, bila kushikana. Kwa miaka mingi Windows ya Kiarabu ilikuwa toleo la peke yake. Ilipofika Windows 2000 ndipo uwezo huo ukawekwa katika matoleo yote. Unicode, mfumo wa pamoja wa herufi za kompyuta uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikuwa na peh, cheh na veh tangu mapema kwa sababu Waajemi na wengineo walizihitaji. Dhumma iliyopinduliwa na ile alama ya wima ya chini zilingoja hadi toleo la 4.0, mwaka 2003. Zaidi ya miaka 50 baada ya kifo cha Sheikh Al-Amin, ndipo mashine ikaweza kuandika e na o zake.

Mwombe mchapaji wa Likoni au Changamwe akupigie tangazo la darasa kwa herufi hizi, uone. Maneno yanatoka kulia, lakini 10:30 inasomwa kutoka kushoto palepale katikati ya mstari. Usipoiambia programu kwamba aya nzima ni ya kulia, nukta ya mwisho inarukia ncha isiyo yake na mabano yanatazama kinyume. Ndani ya kompyuta herufi zimehifadhiwa kwa mpangilio zilivyopigwa. Kinachovurugika ni namna zinavyopangwa kwenye kioo, na dawa yake ni kitufe kimoja cha mwelekeo wa aya.

Mtu aliyeifikisha hati ya Mombasa karibu na mashine ni Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi SOAS, London. Mwaka 1997, pamoja na P. J. L. Frankl, alichapisha mapendekezo ya tahajia kamili ya Kimvita, ikitenga hata paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye jina lake hutamkwa kwa pumzi. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly aliifuata tahajia hiyo akaunda Andika!, programu huria inayogeuza Kiswahili cha Kilatini kuwa cha Kiarabu, na kukirudisha.

Nakereka, basi, nikiona ujumbe wa Kiswahili uliopigwa kwa kibodi ya Kiarabu ya simu. P, ch na v hupatikana kwa kushikilia ba, jim na fa. Alama za e na o kwa kawaida hazimo, na mwandishi anarudi kwenye irabu tatu. Kinachohitajika ni kibodi ya simu yenye alama hizo mbili juu, na fonti ya bure kama Scheherazade ya SIL ambayo inazibeba. Anayejua kuunda kibodi, tahajia ameshaandikiwa.