Baridi na Ubongo wa Mtoto Mchanga

Mtoto akizaliwa bila kulia, wako wanaomnyunyizia maji baridi ili ashtuke. Tena siku hizi twasikia habari nyingine: kwamba katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani waganga humpoza mtoto wa namna hiyo makusudi, ubongo wake upate kupona. Mambo haya mawili yafanana kwa nje tu. Tuifuate historia yake, sisi watu wa Bunyakiri, kwani mwenye kuyachanganya aweza kumpoteza mtoto.

Tuanze na kasiksi. Kila mkamuaji wa ndizi katika Kivu ajua kwamba pombe huiva upesi siku za joto, na baridi ikishuka kutoka milima ya Kahuzi, hukawia. Ndani ya mtungi vyafanya kazi vimeng'enya, yaani vitu vinavyoharakisha mageuzi katika kila chenye uhai. Mwaka 1897 Mdachi mmoja, Eduard Buchner, aliisaga chachu na kuikamua, akaona kwamba maji yake peke yake, pasipo chembe hai, yageuza sukari kuwa pombe. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1907. Kabla yake, mwaka 1884, Mholanzi Jacobus van 't Hoff alikwisha kueleza jinsi joto linavyotawala mwendo wa mageuzi ya namna hii. Mara nyingi joto likipungua nyuzi 10, mwendo hushuka hata nusu au theluthi.

Sasa tuutazame ubongo. Kwa mtu mzima ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wake, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote ya mwili. Yatumika wapi? Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya kinachotoa sodiumu nje ya chembe na kuingiza potasiumu, usiku na mchana. Kazi hiyo yala nguvu nyingi mno. Hewa ikikosekana, nguvu zakwisha. Sodiumu na maji vyaingia, chembe zavimba na kufa. Hata hewa ikirudi, vimeng'enya vingine huendelea kubomoa chembe kwa saa nyingi, mfano wa moto uliobaki ndani ya makaa.

Baridi hupunguza mwendo wa hayo yote. Kila joto likishuka unyuzi 1, matumizi ya ubongo hupungua kama sehemu 6 au 7 katika 100. Lakini tukumbuke neno moja: baridi haichagui. Vimeng'enya vinavyogandisha damu vyachelewa pia, kinga ya kupigana na magonjwa yadhoofika, na moyo wapiga polepole. Kinachookoa ubongo ndicho kinachodhoofisha viungo vingine.

Waganga walijifunza hayo hatua kwa hatua. Mwaka 1950 Wilfred Bigelow wa Toronto, Kanada, alieleza jinsi alivyopoza mbwa hadi nyuzi 20 na kuusimamisha mwendo wa damu kwa muda. Tarehe 2 Septemba 1952, huko Minnesota, Marekani, John Lewis alimpoza msichana wa miaka 5 hadi nyuzi 28, akamfungua moyo na kuziba tundu lililokuwamo. Mtoto akapona.

Katika miaka hiyo hiyo Björn Westin wa Sweden aliwatia katika maji baridi watoto wachanga waliokosa pumzi. Lakini mwaka 1958 William Silverman na wenzake wa New York walitoa hesabu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati: waliowekwa penye joto zaidi walipona kuliko waliowekwa penye baridi, kwa tofauti ya karibu 15 katika 100. Basi waganga wakarudi kuwatunza watoto wote kwa joto.

Mwaka 2005 habari ikageuka tena. Uchunguzi mkubwa ulionyesha kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake, lakini akakosa hewa wakati wa kuzaliwa, aweza kusaidiwa kwa kupozwa hadi nyuzi 33 na nusu kwa muda wa saa 72. Lakini mtoto huyo hulala katika chumba chenye mashine za pumzi, na joto lake lapimwa bila kukoma.

Je, jambo hilo lafaa katika nchi zetu? Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 36 walifanyiwa jaribio lililotangazwa mwaka 2008. Waliopozwa walipozwa kwa chupa za maji. Kupoza kuliwezekana, lakini vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopozwa, ingawa hesabu ilikuwa ndogo mno kukata neno. Mwaka 2021 ukaja uchunguzi wa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh. Kati ya waliopozwa walikufa 42 katika 100. Kati ya wasiopozwa, 31 katika 100. Dawa ile ile, mahali pengine, ikawa hatari.

Ndiyo maana twasema: mtoto asiyelia asinyunyiziwe maji. Apanguswe akauke, asuguliwe mgongo. Asipopumua, mkunga ampulizie hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza. Akiisha kupumua, alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe kikwembe na kofia, wala asiogeshwe kabla ya saa 24. Joto lake lafaa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Njia hiyo ya kifua cha mama ilianza kutumika hospitalini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa kuwa vyombo vya kupashia watoto joto havikutosha. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, upungufu wa karibu robo.

Katika vita vya tangu 1996 mama wengi wa huku walijifungua msituni, chini ya mvua, bila moto wala nguo kavu. Walikuwa na kifua chao tu. Walio na mkunga leo na wasio naye, kifua hicho wote wanacho.