Apatiti: madini yaliyo ndani ya gunia la mbolea

RUSIZI – Mkulima wa Rusizi, zamani Cyangugu, anaponunua DAP ya kupandia, sehemu kubwa ya bei anayolipa ni safari: meli hadi bandari za Bahari ya Hindi, kisha lori hadi Kamembe. Fosfeti iliyomo ilichimbwa kutoka kundi moja la madini, apatiti, ambayo hata Afrika Mashariki inayo.

Apatiti ni nini?
Ni fosfeti ya kalsiamu yenye florini, klorini au haidroksili. Ugumu wake ni 5 katika kipimo cha Mohs. Mjerumani Abraham Gottlob Werner aliipa jina mwaka 1786 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kudanganya, kwa kuwa ilifananishwa na vito vingine. Hadi leo mnunuzi wa vito ajihadhari: turmalini ina ugumu wa 7 au zaidi na hukwaruza kioo, apatiti haiwezi.

Inapatikana wapi?
Minjingu, mkoani Manyara, Tanzania, fosfeti ilitokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale. Sukulu, karibu na Tororo, Uganda, imo katika miamba ya volkano; kiwanda cha mbolea kilizinduliwa huko mwaka 2018. Burundi ina Matongo, katika uliokuwa mkoa wa Kayanza. Duniani, Morocco ndiyo yenye akiba kubwa kuliko zote.

Matumizi
• Mbolea: jiwe huchanganywa na asidi ya salfa ili fosfeti iyeyuke kwenye maji. Ndivyo inavyopatikana DAP na TSP.
• Afya: mifupa na meno yetu yana aina ya apatiti. Florini kidogo huimarisha meno. Ikizidi, kama kwenye maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha, huyatia madoa ya kahawia.
• Sayansi: urani iliyomo ndani ya apatiti huacha alama ndogo zinapopasuka atomi zake. Kwa kuzihesabu, wanajiolojia wamepima historia ya kuinuka kwa milima ya Rwenzori.

Hesabu ya gunia
Usilinganishe bei ya gunia kwa gunia. DAP ina asilimia 46 ya fosfeti (P2O5), yaani kilo 23 katika gunia la kilo 50, pamoja na kilo 9 za naitrojeni. Unga wa Minjingu wenye asilimia 28 una kilo 14, hauna naitrojeni, na fosfeti yake hutoka polepole. Gawanya bei, pamoja na usafiri, kwa kilo hizo. Unga wa jiwe ukisafirishwa mbali, faida yake huishia barabarani.

Udongo nao huamua. Unga wa apatiti huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, pH chini ya 5.5, kama ule wa milima mingi ya magharibi mwa Rwanda. Lakini anayemwaga chokaa shambani msimu huohuo hupunguza tindikali hiyo, na unga hubaki jiwe. Mkulima mwenye chokaa ya Mashyuza achague: chokaa pamoja na DAP au TSP, au unga wa jiwe peke yake. Kupima udongo kwanza ni nafuu kuliko kununua gunia lisilofanya kazi.