Kinyoya Kilichovuka Bahari: Mpira wa Vinyoya, Michezo ya Mataifa na Sisi wa Matonge



Kila ifikapo tarehe 30 Juni, gumzo la michezo hapa Matonge huwa ni moja: mpira wa miguu. Wazee wanarudia majina ya Léopards waliotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 na tena mwaka 1974, mwaka uleule ambao Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Watoto wanasikiliza kwa adabu, kisha wanabeba mifuko yao kwenda mazoezini. Ndani ya baadhi ya mifuko hiyo hakuna viatu vya mpira. Mna raketi nyembamba na kopo la vinyoya. Mchezo huo wameufahamu shuleni hapa Ubelgiji, na wengi wa wazazi wao hawakuwahi kuushika walipokuwa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani.

Hapo ndipo swali la makala hii linapoanzia. Kwa nini mtoto wa Kasese au Kampala anaweza kukua akiujua mpira wa vinyoya, na mwenzake wa Beni, anayeitazama milima ileile ya Rwenzori kutoka upande wa pili, asiujue? Jibu liko katika historia, na historia hiyo inatuhusu siku ya uhuru kuliko tunavyodhani.

Mchezo ulifuata njia ya bendera

Mpira wa vinyoya, ambao wengi wanauita badminton, ulipata jina lake kutoka Badminton House, jumba la kifahari la Uingereza. Lakini kanuni zake za mwanzo ziliandikwa India, katika mji wa Poona, ambako maofisa wa jeshi la Waingereza waliucheza katika karne ya 19. Mwaka 1934 lilipoundwa shirikisho la kimataifa, wanachama waanzilishi walikuwa 9: Uingereza, Scotland, Wales, Ireland, Denmark, Uholanzi, Ufaransa, Kanada na New Zealand. Hakukuwa na hata nchi moja ya Afrika, wala ya Asia, ingawa mchezo wenyewe ulilelewa India.

Afrika Mashariki mchezo uliingia kwa njia hiyohiyo. Ulikuja na maofisa wa Kiingereza, na pia na familia za Wahindi na Wagoa zilizokuwa katika miji ya biashara. Vilabu vya wakati huo vilifuata rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, na Mwafrika mara nyingi aliingia kama mtumishi.

Kwetu Kongo mkoloni alikuwa mwingine, na michezo yake ilikuwa mingine. Wamisionari walileta mpira wa miguu. Huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, watawa wa Kibenediktini walianzisha mwaka 1939 timu ambayo leo dunia inaijua kwa jina la TP Mazembe. Huko Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, aliwakusanya vijana michezoni, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 una jina lake hadi leo. Vijana wetu wajue kwamba uwanja huo uko Kalamu, komini yenye mtaa wa Matonge uliotupa sisi jina letu. Ni hapohapo Muhammad Ali alipompiga George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974.

Kuna na sababu ya pili. Kinyoya kimoja kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi tu. Upepo mdogo unakipeleka unakotaka wenyewe. Mchezo huu katika mashindano unahitaji ukumbi uliofungwa na wenye paa la juu, na kumbi za namna hiyo zilikuwa chache mno kwa Mwafrika wa Kongo ya Wabelgiji. Mpira wa miguu ulihitaji kiwanja tu, na pasipokuwa na mpira, matambara na kamba vilitosha.

Jakarta: mtawaliwa anapoandaa karamu

Kabla hatujasema kwamba mchezo huu ni wa Wazungu, tuitazame Indonesia. Nchi hiyo ilitawaliwa na Waholanzi, majirani zetu wa hapa, na ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti 1945. Mwaka 1958 ilishiriki kwa mara ya kwanza Kombe la Thomas, kombe kubwa la timu za wanaume za mpira wa vinyoya, na ikalichukua papo hapo.

Mwaka 1962 Jakarta iliandaa Michezo ya Asia. Rais Sukarno alijenga viwanja vipya Senayan, pamoja na ukumbi mkubwa wa ndani. Mpira wa vinyoya ukaingizwa katika Michezo ya Asia kwa mara ya kwanza, na wenyeji hawakuaibika: Tan Joe Hok alipata dhahabu ya wanaume mmoja mmoja, na Minarni akapata ya wanawake. Michezo hiyo ilikuwa pia na ugomvi wa siasa, kwa sababu Indonesia iliwanyima Israel na Taiwan nafasi ya kuja, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaiadhibu. Sukarno akajibu kwa kuandaa michezo yake mwenyewe mwaka 1963, aliyoiita michezo ya nguvu mpya zinazochipuka.

Mtu anaweza kumlaumu Sukarno kwa kuchanganya siasa na michezo. Lakini somo moja linabaki. Nchi iliyotawaliwa ilichukua mchezo uliokuja na wageni, ikaufanya wake, hadi aliyewahi kuwa mtawala akawa anakwenda kujifunza kwake.

Dar es Salaam, 1977

Waafrika nao walikusanyika. Tarehe 31 Agosti 1977, Dar es Salaam, lilizaliwa Shirikisho la Mpira wa Vinyoya la Afrika. Waanzilishi walikuwa Ghana, Kenya, Mauritius, Msumbiji, Nigeria, Tanzania na Zambia. Hesabu vizuri: kati ya nchi 7, nchi 6 zilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza. Ramani ya mchezo ilikuwa bado ni ramani ya himaya.

Ramani hiyo ililindwa na mashindano yenyewe. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliuingiza mpira wa vinyoya mwaka 1966 huko Kingston, Jamaika. Tangu hapo kijana wa Kenya au Uganda alikuwa na mahali pa kulenga kila miaka 4. Sisi wa upande wa Kifaransa hatukuwa na kitu kama hicho. Hata Michezo ya Francophonie iliyofanyika Kinshasa mwaka 2023, ambayo wengi wetu tuliifuata kwa fahari, ilikuwa na riadha, judo, mieleka, mpira wa meza na mingine, lakini haikuwa na mpira wa vinyoya. Mchezo usiokuwa na mashindano ya kulenga hauwezi kupata walimu, na pasipo walimu hakuna wachezaji.

Ng'ambo ya mto

Mlango ulifunguka polepole kupitia Michezo ya Afrika. Michezo ya kwanza ilifanyika Brazzaville Julai 1965, ng'ambo ya mto tu kutoka Kinshasa. Ilikuwa na michezo 10 na wachezaji kutoka nchi zipatazo 30, nyingi kati yao zikiwa na uhuru wa miaka michache tu. Mpira wa vinyoya haukuwamo. Uliingia mwaka 2003 huko Abuja, na umekuwamo tangu hapo: Algiers 2007, Maputo 2011, kisha Brazzaville tena mwaka 2015, Michezo iliporudi nyumbani kusherehekea miaka 50.

Katika michezo ya Algiers kulitokea jambo ambalo linafaa kusimuliwa kwa watoto wetu. Medali ya dhahabu ya wawili mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, ilichukuliwa na Georgie Cupidon na Juliette Ah-Wan wa Shelisheli. Nchi hiyo wakati ule haikufikisha watu laki moja, idadi isiyopishana sana na ya komini yetu ya Ixelles. Walisimama mbele ya Nigeria na Afrika Kusini, na wimbo wa taifa uliopigwa ulikuwa wao. Ukubwa wa nchi haukushika raketi.

Olimpiki

Katika Olimpiki mchezo ulianza kwa kuonyeshwa tu, Munich mwaka 1972 na Seoul mwaka 1988. Medali zilianza Barcelona mwaka 1992. Susi Susanti akashinda upande wa wanawake na Alan Budikusuma upande wa wanaume. Zilikuwa dhahabu za kwanza za Olimpiki katika historia ya Indonesia, miaka 47 baada ya uhuru.

Kongo yetu ilifika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Mexico ikiwa na waendesha baiskeli 5, na ilirudi mwaka 1984. Hadi kufikia Michezo ya Paris ya 2024 haikuwa imepata medali hata moja. Tuliseme bila kuficha, maana siku ya uhuru ni siku ya hesabu pia.

Katika mpira wa vinyoya, bara zima la Afrika bado halijapata medali ya Olimpiki. Lakini njia ipo, kwa sababu kanuni za kufuzu zinalihakikishia kila bara nafasi. Edwin Ekiring wa Uganda alipita katika njia hiyo, akacheza Beijing 2008 na London 2012. Wa Mauritius, dada wawili walipokezana: Karen Foo Kune alicheza Beijing na London, kisha mdogo wake Kate akacheza Rio 2016. Na mwezi wa Aprili 2024 wasichana wa Uganda walisafiri hadi Chengdu, China, kucheza Kombe la Uber, kombe kubwa la timu za wanawake. Walipangwa na Japani, Indonesia na Hong Kong. Walipoteza mechi zote tatu. Hata hivyo, majirani zetu hao walisimama uwanja mmoja na mabingwa, na waliobaki Kampala wakajua kwamba uwanja huo unafikika.

Bendera ipi?

Sasa tuje kwenye jambo linalosemwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu. Mtoto aliyezaliwa Brussels akiwa hodari, atavaa rangi za nani?

Wale wanaofuata mchezo huu wanamjua Yuhan Tan na mdogo wake Lianne Tan, waliocheza wote wawili London 2012 kwa bendera ya Ubelgiji. Jina la Tan lenyewe linasema kwamba ukoo umetoka mbali, na hakuna aliyewauliza kama ni Wabelgiji wa kweli walipopiga mpira. Kwa mtoto wetu, njia hiyo iko wazi.

Njia ya pili ni nyembamba zaidi. Kanuni za Olimpiki zinamruhusu mwenye uraia wa nchi mbili achague moja. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kwa sheria hiyo, mtoto aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji ili asome na kufanya kazi kwa utulivu anahesabika mgeni katika nchi ya babu yake. Kenya ilibadili sheria yake kwa Katiba ya mwaka 2010 na kuruhusu uraia wa nchi mbili. Kwetu mjadala haujaisha, na unatugusa sisi wa ughaibuni kuliko mtu yeyote. Mzazi anayemsukuma mwanawe achague leo kati ya bendera mbili, anamtwika mzigo ambao sheria yenyewe haijautua.

Kilicho mikononi mwetu

Kuna mambo yasiyongoja sheria. Kumbi za michezo za shule na za komini zipo, na vilabu vinapokea watoto kila Septemba. Vinyoya vya nailoni havina gharama ya vile vya manyoya ya bata bukini na vinadumu zaidi. Tangu mwaka 2019 shirikisho la dunia limetambulisha aina ya mchezo wa nje, wenye kinyoya kinachohimili upepo, na huo unaweza kuchezwa Goma au Kolwezi bila ukumbi. Kijana wetu aliyejifunza hapa, akienda likizo nyumbani na raketi 4 na wavu mmoja, amebeba mwanzo wa klabu ndani ya sanduku lake. Ndivyo michezo ilivyosafiri siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii atakayeileta ni mtoto wa nyumbani, na mlango wake hautauliza rangi ya mtu.

Tarehe 30 Juni 2018, kwenye mlango wa Matonge, pale Porte de Namur, uwanja ulipewa jina la Patrice Lumumba. Ilichukua miaka 58. Wazee waliodai jina hilo hawakuchoka, na leo watoto wetu wanapita hapo kila siku, wengine wakiwa na raketi mgongoni. Waambieni jina hilo lilipatikanaje. Kisha waacheni waende mazoezini, wasichelewe.

Heri ya siku ya uhuru kwenu nyote, wa hapa na wa nyumbani.