Kioo cha rubani, kuanzia anga ya Upare

Ndege za kivita zilizoruka juu ya Same mwaka 1916 hazikuwa na kioo cha kumfunika rubani. Zilikuwa za Kikosi cha 26 cha Uingereza, chenye marubani wengi wa Afrika Kusini, zikitokea Mbuyuni. Mwezi Mei, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts lilipoteremka kando ya reli na mto Pangani, zilitumwa kutafuta mahali walipo askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck.

Ndani ya BE2c, mojawapo ya aina za ndege hizo, mtazamaji alikaa mbele ya rubani. Juu ya kichwa chake bawa, chini bawa jingine, kushoto na kulia nyaya. Aina nyingine, Henri Farman, yenye injini nyuma, iliwaweka wote wawili mbele kabisa, wakaona vizuri zaidi. Hata hivyo, vichaka vya nyika chini ya milima ya Pare viliwaficha askari wengi.

Kasi ya ndege ilipoongezeka miaka iliyofuata, upepo ulilazimisha kioo. Mwanzoni kilishikwa na fremu nyingi za chuma, imara lakini zenye kukatiza macho. Mwaka 1944 Wamarekani waliipa ndege yao ya kivita P-51D kuba wazi la kioo, wakipunguza mgongo wa ndege ili rubani aone nyuma. Ndege ikapoteza sehemu ya utulivu wake, ikabidi iongezewe pezi mbele ya mkia.

MiG-21 ya Kisovieti, ambayo Tanzania nayo iliitumia, ilifuata njia nyingine. Katika matoleo ya awali, rubani alipojirusha nje kwa dharura, kioo kiliruka pamoja na kiti chake na kumkinga rubani na upepo mkali. Ulikuwa ubunifu wa kusifiwa, ila mtambo wenyewe ulikuwa mgumu mno, ukaachwa. Matoleo ya baadaye yaliinua mgongo wa ndege ili kubeba mafuta na mitambo, na rubani akapungukiwa uwezo wa kuona nyuma.

Kuba la ndege ya Kimarekani F-16 ni la plastiki ngumu ya polikaboneti, bila fremu mbele ya macho, na nene kiasi cha kuhimili kugongwa na ndege mnyama. Uimara huo una gharama: halivunjiki kirahisi, hivyo sharti ling'olewe zima kabla kiti hakijafyatuka.

Hawk, ndege ya Uingereza iliyonunuliwa na Kenya, ina kioo cha plastiki ya akriliki kilichobandikwa uzi wa baruti, unaoonekana kama mstari uliopindapinda juu ya kichwa cha rubani. Uzi huo hukipasua kioo papo hapo kiti kinapoondoka. Unakatiza macho kidogo, na hiyo ni kasoro inayostahili kuvumiliwa.