Mkaguzi Alifika Siku Mbili Kabla: Historia Fupi ya Sheria za Usalama katika Makambi ya Watoto

Tarehe 2 Julai 2025, mkaguzi wa idara ya afya ya jimbo la Texas, nchini Marekani, alifika katika Camp Mystic, kambi ya wasichana iliyo kando ya mto Guadalupe na ambayo imekuwapo tangu mwaka 1926. Alithibitisha kwamba mipango ya dharura inayotakiwa na sheria ipo kwa maandishi, akaondoka. Siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, mto ulipanda kwa takribani mita 8 katika muda usiozidi saa moja. Watoto na walezi wao vijana 27 walikufa katika kambi hiyo, na mkurugenzi wake pia alikufa.

Katika makala haya sina nia ya kumhukumu mkaguzi yule. Inawezekana kabisa kwamba alitimiza kila alichotumwa kufanya, na hilo ndilo linalopaswa kutusumbua sisi tunaotunga kanuni, tunaozisimamia au tunaozidai. Sheria ilikuwapo, leseni ilikuwapo, ukaguzi ulifanyika kwa wakati, na bado watoto walikuwa wamelala mahali ambapo maji yangefika. Ili kuelewa jinsi hali hiyo inavyotokea, hatuna budi kurudi nyuma na kutazama sheria za aina hii zilivyozaliwa.

Kambi ya watoto kama tunavyoijua leo ni taasisi changa. Nchini Marekani wanahistoria huanza hesabu mwaka 1861, mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut alipowatembeza wanafunzi wake kwa miguu hadi ufukweni na kupiga nao kambi. Uingereza ilipata msukumo wake mwaka 1907, Robert Baden-Powell alipowakusanya wavulana katika kisiwa cha Brownsea kwa majaribio yaliyozaa uskauti. Wazo lilikuwa lilelile pande zote mbili za bahari: mtoto wa mjini anadhoofika kwa moshi na msongamano, hivyo apelekwe porini akajifunze kujitegemea. Hatari kidogo ilihesabiwa kuwa sehemu ya somo.

Agosti 1912 hatari hiyo ilionekana kwa ukubwa wake. Kikosi cha skauti kutoka Walworth, mtaa wa watu wa kipato cha chini kusini mwa London, kilikuwa kikisafiri kwa mashua kwenda kupiga kambi Leysdown, katika kisiwa cha Sheppey. Upepo wa ghafla uliipindua mashua, na wavulana 9 wakafa maji. Taifa liliomboleza. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, alitoa manowari ya kuirudisha miili London kupitia mto Thames, na umati mkubwa ukajitokeza mazishini.

Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuambatana na sheria yoyote ya kuwabana wanaoandaa safari za namna ile. Vifo vile vilipokewa kama ajali ya bahari, na wavulana wakazikwa kwa taadhima ya kijeshi kana kwamba walikufa vitani. Mtoto akishafanywa shujaa, ni vigumu kuuliza ni nani aliyeamua kwamba mashua ile ilifaa kubeba watoto siku ile. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyowataka watoa huduma za aina hii wawe na leseni ilisubiri miaka 83.

Ilikuja baada ya tukio la Machi 22, 1993. Wanafunzi 8 wa shule moja ya Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi 2 wa kituo cha michezo ya nje, waliingia baharini kwa kayaki kutoka mji wa Lyme Regis. Safari ilikuwa fupi, na walitarajiwa kurudi adhuhuri. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Kayaki ya mwalimu ilipinduka mara kwa mara, na mkufunzi mmoja akabaki naye akimsaidia. Wanafunzi na mkufunzi wa pili walisukumwa mbali na pwani, na kayaki zao zikajaa maji, kwa kuwa hazikuwa na vifuniko vya kuzuia mawimbi. Hawakuwa na fataki za kuomba msaada. Wakufunzi wenyewe walikuwa na cheti cha ngazi ya chini tu. Walinzi wa pwani waliarifiwa saa kadhaa baada ya muda wa kurudi kupita. Wanafunzi 4 walikufa kwa baridi na maji.

Jambo lililogeuza msiba huu kuwa suala la sheria lilikuwa barua. Mwaka mmoja kabla, wakufunzi wawili waliokuwa wakiacha kazi katika kituo kile walimwandikia mkurugenzi mtendaji wakimwonya kuhusu hali ya usalama na kumwambia kwamba asipobadilika, siku moja atalazimika kueleza kwa nini mtoto wa mtu hatarudi nyumbani. Barua ilifika na ilisomwa, lakini mwenendo wa kituo haukubadilika. Desemba 1994 mahakama ilimtia mkurugenzi huyo hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumpeleka gerezani. Kampuni yake, OLL, ikawa ya kwanza katika historia ya nchi hiyo kutiwa hatiani kwa kosa hilo, na ikatozwa faini ya pauni 60,000.

Serikali ya wakati ule haikuwa na hamu ya kutunga sheria mpya. Ilikuwa serikali iliyoamini katika kupunguza kanuni, na jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba vituo vijisimamie kwa hiari. Wazazi wa Plymouth hawakukubali. Mbunge wao, David Jamieson, ambaye hakuwa wa chama tawala, aliwasilisha muswada binafsi, na mwaka 1995 ukawa sheria. Mwaka uliofuata mamlaka ya leseni ilianza kazi. Yeyote anayeuza kwa watoto walio chini ya miaka 18 shughuli za majini, za kupanda miamba, za mapangoni au za kutembea milimani alitakiwa kukaguliwa na watu wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao.

Sheria ile ilikuwa na mipaka yake. Shule inayowapeleka wanafunzi wake yenyewe haikuhitaji leseni, wala chama cha hiari kinachohudumia wanachama wake. Kwa hiyo skauti, ambao misiba ya watoto kambini ilianza kujulikana kwa vifo vyao, walibaki nje ya uzio. Mwaka 2010 ripoti ya Lord Young kwa serikali ilipendekeza hata mamlaka hiyo ivunjwe, kwa hoja kwamba kanuni zimezidi kuwa mzigo. Mfumo wa leseni ulinusurika. Lakini tujifunze hapa kwamba sheria iliyopatikana kwa machozi inahitaji watu wa kuilinda kizazi kinachofuata, pale ambapo wengi hawakumbuki tena ilikotoka.

Turudi Marekani. Mwaka 1965 mvulana aliyekuwa safarini na kambi alizama katika mto mmoja wa Maine, na baba yake akatumia miaka mingi ya maisha yake akizunguka kutoka ofisi hadi ofisi akidai sheria moja ya nchi nzima. Alimpata Seneta Abraham Ribicoff wa Connecticut kuwa mtetezi. Miswada ikaandikwa, vikao vikafanyika, utafiti ukaagizwa. Wapinzani walisema kwamba usalama wa makambi ni jambo la majimbo, na kwamba gharama zitaziua kambi ndogo za makanisa na za hisani. Sheria ya nchi nzima yenye viwango vya lazima haikupatikana. Kila jimbo likaachwa lijipangie, na mengine yakajipangia kidogo sana.

Texas ilitunga yake mwaka 1973. Iliweka leseni, ukaguzi, masharti ya vyoo, maji ya kunywa, waogeleaji, na mipango ya dharura. Kisha ukaja mtihani wa kwanza. Tarehe 17 Julai 1987, katika bonde lilelile la Guadalupe, basi lililokuwa likiwahamisha vijana kutoka kambini lilinaswa na mafuriko karibu na mji wa Comfort. Vijana 10 walikufa. Hakuna mtu katika bonde lile aliyeweza kusema baada ya siku hiyo kwamba hakujua mto ule unaweza kufanya nini.

Hata hivyo, miaka 38 ilipita na mabweni yakaendelea kuwa karibu na mto. Uongozi wa wilaya ya Kerr uliomba ruzuku ya karibu dola milioni 1 kwa ajili ya mfumo wa kutoa tahadhari ya mafuriko, ukanyimwa, na mfumo haukujengwa. Majengo kadhaa ya kambi yaliondolewa katika ramani rasmi ya maeneo ya mafuriko baada ya wamiliki kukata rufaa, kama taratibu zilivyowaruhusu. Usiku wa Julai 4, 2025, mamlaka ya hali ya hewa ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla saa 7:14 usiku. Onyo lilitolewa, ila kati ya onyo na kitanda cha mtoto hapakuwa na njia ya uhakika.

Sasa tunaweza kujibu swali la mkaguzi. Sheria ya 1973 ilimtaka aangalie kama mpango upo. Haikumpa jukumu la kuuliza kama mpango huo utafanya kazi saa 9 usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa mtoto wa miaka 8 ambaye hajawahi kulala nje ya kwao. Wazazi waliofiwa walikwenda bungeni Austin na kuyasema hayo, na Septemba 5, 2025 gavana alisaini sheria mpya zinazokataza mabweni katika maeneo ya mafuriko na kudai mafunzo, mifumo ya tahadhari na mipango ya uokoaji inayochunguzwa. Wino haujakauka, baadhi ya wamiliki wa kambi wakaanza kulalamika kwamba gharama zitawafilisi. Malalamiko hayo si ya kubezwa, maana kambi nyingi ni ndogo. Lakini ndiyo maneno yaliyosemwa pia mbele ya Seneta Ribicoff.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wamarekani na mito yao. Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri, nchini Kenya, alikofariki mwaka 1941. Katika kaunti hiyohiyo ya Nyeri, Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha uliua wavulana 21. Kabla yao kulikuwa na wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Wasichana 26 wa Bombolulu, Kwale, mwaka 1998. Na wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Bombolulu na Kyanguli zilitufundisha habari ya milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni unaotaka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na vitanda viachiane nafasi. Mwongozo huo ulikuwa umetimiza miaka 16 usiku ule wa Endarasha.

Na bweni la shule angalau lina anwani. Likizo zetu sasa zimejaa kambi za kila namna: za masomo, za dini, za michezo, za vipaji, za skauti. Watoto hulala katika madarasa na kumbi, magodoro yakiwa chini, mlango mmoja, mlezi mmoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana na makao ya watoto viwe na leseni. Kambi ya likizo ya siku 5, inayofunguliwa Jumatatu na kufungwa Ijumaa, inaangukia ofisi gani? Ya elimu, ya ustawi wa jamii, ya afya, au ya zimamoto? Mtumishi wa umma anayesoma makala haya ajaribu kulijibu swali hilo kwa kutaja mezani kwa nani. Akishindwa, amekwishaona tatizo.

Historia niliyoieleza inaacha mambo matatu ambayo hatuhitaji kusubiri msiba ili tuyachukue. Kwanza, leseni itolewe kabla mtoto wa kwanza hajalala, na imtaje mtu atakayewajibika kwa jina lake. Pili, mkaguzi apewe kazi ya kujaribu mpango: awaamshe watoto, ahesabu dakika, aone mlango unafungukia wapi. Tatu, kuwe na mahali pa kupeleka barua. Wakufunzi wawili wa Lyme Regis walijua. Walimwandikia mtu pekee waliyeweza kumwandikia, naye ndiye aliyekuwa na sababu ya kutosikia. Laiti kungekuwa na ofisi nyingine ya kupokea nakala ya barua ile, huenda watoto wanne wa Plymouth wangekuwa leo watu wazima wenye watoto wao wenyewe.

Likizo ijayo haiko mbali. Mzazi anayemfungia mtoto begi la kambi ana haki ya kuuliza atalala wapi, na nani atakuwa macho usiku. Serikali ina wajibu wa kuwa imeuliza kabla yake.