Nyumba ya udongo ya wazee wetu: namna ilijengwa kati ya Masisi na Walikale

Kila watu wako na namna yao ya kujenga, na namna hiyo inaonyesha inchi wanamoishi. Katika makala hii tunapenda kuzungumuza juu ya nyumba ya udongo, ile wazee wetu wa upande wa Kashebere, pale Masisi inaishia na Walikale inaanzia, walijenga kwa mikono yao, bila fundi wa kulipwa na bila musumari hata mumoja.

Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza: vijana wetu wengi wamekomalia katika kambi za wakimbizi ao katika miji, na hawajaona bado nyumba ikijengwa toka shimo la kwanza mpaka majani ya mwisho. Ya pili: kila mara vita inatulia na watu wanarudia kwao, swali la kwanza ni hili: leo tutalala wapi? Mutu anayejua kujenga kwa vitu vilivyo karibu naye anajibu hilo swali mwenyewe. Asiyejua anangojea plastiki ya kugawiwa.

Inchi inayochagua nyumba

Kashebere iko kwenye barabara inayotoka Masisi na kushuka kwenda Walikale. Nyuma yetu, upande wa mashariki, kuna milima mirefu ya malisho na baridi. Mbele yetu, upande wa mangaribi, pori linaanza, na haliishi upesi: Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni pori. Wanyanga, Wahunde na majirani wao wameishi katika inchi hii ya mupaka kwa muda murefu, wakiuziana, wakioana, na wakiigana katika kazi nyingi.

Mulima na pori ndivyo vilichagua nyumba yetu. Mvua inanyesha karibu mwaka muzima. Basi paa inapashwa kusimama wima ili mayi ishuke mbio, na majani yake yapashwa kuwa mapana. Mahali pa sawa ni padogo, kwa hiyo mutu anapasua mulima, anatafuta kiwanja kwa jembe, na ukuta wa nyuma unakaribia udongo wa mulima wenyewe. Nyumba inakuwa kama imeegemea mulima. Upepo wa usiku unapita juu yake.

Namna ya kujenga

Kazi ya kwanza ni kuchagua fasi. Wazee walitazama mayi kwanza. Walingojea mvua kubwa, wakaangalia mayi inapita wapi, na pale inapita hawakujenga. Kiisha kupasua kiwanja, walichimba mufereji nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mulima. Mufereji huu ni kitu kidogo, lakini ndiyo uzima wa nyumba. Ukizibwa na majani kwa musimu mumoja tu, mayi inakaa chini ya ukuta, miti inaoza, na nyumba inaanza kuinama.

Kazi ya pili ni miti. Nguzo za pembe na za katikati zinaomba miti migumu, ile mchwa hauipendi. Mara mingi mguu wa nguzo unachomwa kidogo kwenye moto mbele ya kuingizwa katika shimo, ili kuoza kuchelewe. Kati ya nguzo wanapanga fito zilizosimama, halafu wanafunga zingine za kulala, ndani na inje, mpaka ukuta unafanana na kitunga kikubwa. Upande wa juu, wenye baridi, watu walitumia bambu sana. Upande wa pori, fito za miti midogo. Kamba zilitoka porini: zile zinazopanda juu ya miti. Zinatumiwa zikiwa mbichi, maana zikikauka zinajikaza zenyewe. Ndiyo sababu wazee hawakuhitaji musumari. Musumari katika inchi yetu ya mvua unapata kutu, lakini kamba iliyofungwa muzuri na kufikiwa na moshi inadumu.

Kazi ya tatu ni paa, na hapa wengi wanashangaa: paa inawekwa mbele ya udongo. Sababu yake iko wazi. Ukikandika ukuta wakati hakuna kitu juu, mvua ya jioni moja inarudisha udongo wote chini. Kule juu, paa ilikuwa ya nyasi. Katika pori ilikuwa ya mangongo, yale majani mapana ambayo wamama wanafungia chakula. Kila jani linakatwa kidogo kwenye kikonyo, linaning'inizwa kwenye ufito, na la juu linafunika la chini sawa na magamba ya samaki. Paa inapashwa kutokea inje ya ukuta kwa urefu wa mukono, ili mayi isirukie udongo.

Kazi ya ine ndiyo ya furaha: kukandika. Udongo mwekundu unachimbwa hapohapo, mara mingi ni ule uliotoka katika kupasua kiwanja. Unamwangiwa mayi, unachanganywa na nyasi zilizokatwa vipande vidogo, na watu wanaukanyaga kwa miguu mpaka unakuwa laini. Nyasi zinashikilia udongo ili usipasuke sana ukikauka. Ukandikaji wa kwanza unajaza kitunga cha ukuta. Wanauacha kukauka, na nyufa zinatokea. Hiyo si kosa, ni kawaida. Ukandikaji wa pili unaziba nyufa, na wamama wanaulainisha kwa mukono.

Kazi hii haikulipwa kwa feza. Mwenye nyumba alitayarisha chakula na kasiksi, majirani wakakuja, na kesho yake naye alikuwa na deni la miguu yake kwa kila mumoja wao. Mutu mwenye kukataa kukanyaga udongo wa wengine alijua kwamba siku yake atakanyaga peke yake.

Halafu moto. Watu wa leo wanafikiri moshi ndani ya nyumba ni ujinga tu, na kweli unaharibu macho na kifua, hasa vya wamama. Lakini tuelewe kazi yake: moshi ulikausha majani ya paa, ukafukuza wadudu, ukachunga kamba. Nyumba isiyokaliwa na mutu, isiyo na moto, paa yake inaoza mbio. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Wengine waliojificha katika udongo

Si sisi peke yetu tulioegemea mulima. Kule Tanzania, upande wa Mbulu, Wairaqw walijenga nyumba zilizoingia kabisa ndani ya mulima. Walichimba kwenye mutelemko, wakaweka nguzo, wakatandaza miti juu, na juu ya miti wakaweka udongo. Aliyepita kwa mbali aliona mulima tu. Walifanya hivyo kwa kujikinga na Wamasai waliokuja kuteka ngombe. Karibu na Kilimanjaro, Wachaga walichimba mapango chini ya inchi, wakaficha humo watu na mifugo wakati wa vita. Nao Wagogo wa Dodoma wanajulikana kwa tembe, nyumba ya chini yenye paa ya udongo.

Mbona sisi hatukuweka udongo juu ya paa? Jibu ni mvua. Paa ya udongo inafaa inchi kavu kama ya Wagogo, ao yenye mvua ya kiasi. Kwetu ingelowa mwaka muzima, ingekuwa nzito, na siku moja ingewaangukia watoto. Wakati wa hatari, maficho yetu yalikuwa pori lenyewe.

Hata hadithi yetu kubwa inajua njia ya chini ya udongo. Mwindo, shujaa wa Wanyanga, alipomufuata baba yake Shemwindo aliyekimbia, aliingia chini ya inchi na kufika kwa Muisa. Hadithi hiyo ilisimuliwa na muzee Rureke katika 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu katika 1969. Wazungu nao wako na yao: katika 1937 mwandishi Tolkien wa Uingereza alitoa hadithi ya watu wafupi wanaokaa katika nyumba zilizochimbwa ndani ya kilima, zenye mulango wa muviringo. Leo kuna watu wa Ulaya wanaoacha nyumba za simenti na kwenda kujijengea nyumba za namna hiyo kwa udongo, miti na nyasi. Wanasifiwa kwa hilo. Tujiulize basi: kwa nini kitu hichohicho, kikifanywa na muzee wa Kashebere, kinaitwa umasikini?

Namna mambo yalibadilika

Badiliko la kwanza lilikuja na Wabeleji. Vijiji vilivyotawanyika vililazimishwa kukaribia barabara, ili watu wahesabiwe, walipe kodi na watengeneze njia. Nyumba zikapangwa katika mustari. Wengi walitoka katika fasi walizozichagua kwa kuangalia mayi, wakawekwa katika fasi zilizochaguliwa kwa kuangalia barabara.

Kiisha, wakati wa Mobutu, ikaja salongo, kazi ya lazima ya serikali. Wazee wengine wanasema kwamba tangu pale vijana walianza kuona kazi ya pamoja sawa na adhabu.

Halafu mabati. Hatuwezi kudanganya: bati ni zuri. Halivuji, haliombi kubadilishwa kila miaka michache, na linaonyesha heshima. Lakini ni feza nyingi, linapiga kelele wakati wa mvua, na linakuwa moto muchana, baridi usiku. Kiisha kulipuka kwa Nyiragongo katika Januari 2002, watu wa Goma walijenga tena juu ya mawe ya volkano, mahali hakuna udongo wa kukandika, na mbao zikahitajiwa sana. Mbao zinatoka porini, na pori la kwetu liko karibu na njia. Katika miaka ileile, mugodi wa Bisie kule Walikale uliita vijana wetu kuchimba. Kule walilala katika vibanda vya plastiki, na mikono yao ikajifunza kazi ingine.

Vita na nyumba

Kitu kilichovunja zaidi ni vita. Katika Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Tangu pale hatujapata kizazi kimoja kilichokaa kwa amani. Katika usiku wa 9 kuamkia 10 Mei 2009, Busurungi ilishambuliwa, raia wakauawa na nyumba mingi zikachomwa. Katika Machi 2025 vita ilifika mpaka Walikale kati, na watu wa vijiji vingi wakakimbia tena.

Katika vita tulijifunza hili: bati linaibiwa, mulango unaibiwa, mbao zinakuwa kuni za askari. Paa ya majani inaungua kwa dakika chache. Lakini udongo hauibiwi. Mara mingi mutu akirudi anakuta ukuta umesimama, hata kama umepasuka na kuwa mweusi. Akiwa na panga, jembe na majirani, anaweza kulala chini ya paa yake kabla ya mwezi kuisha.

Tufanye nini?

Hatusemi watu wakatae mabati ao matafali. Nyumba inaweza kuchanganya: musingi wa mawe, ukuta wa udongo, paa ya bati kwa anayeweza, na jiko kando ili moshi usiwaue wamama. Tunachoomba ni kwamba ujuzi usizikwe na wazee. Kila kijiji kina muzee ao mama anayejua muti gani haulii mchwa, kamba gani inadumu, udongo gani unashika. Tuwaulize wakingali hai, si kwa kuandika tu, lakini kwa kukanyaga udongo pamoja nao.

Na tupande miti na bambu karibu na vijiji. Nyumba ya wazee ilitoka porini. Pori likiisha, hata ujuzi wote hautasimamisha nguzo moja.