Ulimuuliza Nani?

Agosti mwaka jana nilikaribia kuzama Kilifi. Nilikuwa nimejifunza ubao wa tanga Diani, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao, umeshika tanga, upepo unakusukuma. Diani kuna mwamba mbele unaozuia mawimbi, kwa hivyo ukianguka unaanguka kwenye maji yametulia kama ya beseni. Baada ya wiki mbili nikajiona fundi. Beshte yangu alikuwa na ubao Kilifi, nikamwambia naja.

Niliingia majini saa kumi na moja jioni. Hori ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji kijani, hayana hata mkunjo. Kusi ilikuwa inavuma vizuri. Nikavuka mara mbili, nikapiga kelele za furaha. Mara ya tatu nikaelekea upande wa mdomo wa hori, chini ya majabali ya Mnarani, na hapo upepo ukakata. Jabali lilikuwa limeziba kusi. Tanga likalegea, nikaanguka. Nilipopanda tena na kuinua macho, daraja lilikuwa limerudi nyuma sana. Sikuwa nimelipa mgongo mimi. Maji ndiyo yalikuwa yananibeba, kimya kimya, kuelekea pale mawimbi yanapopasukia mwambani.

Nilipiga makasia kwa mikono hadi mabega yakawaka. Sikusogea. Jua lilikuwa linashuka.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye ngalawa aliyekuwa anaelekea kutega nyavu. Alinirushia kamba, akafunga ubao nyuma, halafu hakupigana na mkondo hata kidogo. Aliukata kwa upande, polepole, mpaka tukafika kwenye maji tuli kando ya jabali, kisha akarudi ndani akiambaa na ukingo. Mimi ningesukumana na bahari uso kwa uso hadi usiku.

Nilimwambia shikamoo, nikasema asante mara kumi. Akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kitu kimoja tu: "Kabla hujaingia, mwanangu, ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa nimeangalia upepo kwenye simu.

Akanieleza kama anavyoelezewa mtoto. Mwezi mpevu ulikuwa juzi, kwa hivyo ni bamvua. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hupita mita tatu. Maji yote yale yaliyoingia ndani ya hori lazima yatoke ndani ya kama saa sita, na mlango wa kutokea ni mwembamba. Yakijaa saa kumi, saa kumi na moja na nusu tayari yanakimbia. Ningekuja wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, ningecheza nikachoka nikarudi nyumbani. Utulivu ulionivutia ndio uliokuwa onyo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, historia na fasihi, kwa hivyo siwezi kujiita mwanahistoria. Lakini swali la mzee lilinirudisha kwenye vitabu, na huko nikakuta ni swali la zamani sana.

Nilianza na ubao wenyewe. Nani aliubuni? Hapa kila mtu ana jina. Mwaka 1958 mvulana Mwingereza wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea ubao wenye tanga kisiwani Hayling. Mwaka 1964, Pennsylvania, Marekani, Newman Darby alitengeneza wake, na mwaka uliofuata akauandikia makala katika jarida la Popular Science. Halafu California wakaja Hoyle Schweitzer na Jim Drake. Mwaka 1968 waliomba hataza ya ubao ambao mlingoti wake una kiungo kinachozunguka kila upande, na wakaipata. Biashara ikakua, mchezo ukaingia Olimpiki mwaka 1984, na kesi zikafuata. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua hataza hiyo haina nguvu kule, na sababu moja ilikuwa yule mtoto wa Hayling. Si hiyo ni heshima? Mtoto aliyekuwa anacheza majini, miaka 27 baadaye majaji wanamtaja kwa jina.

Sasa rudi pwani yetu, mwaka 1498.

Vasco da Gama alifika nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili akiwa na meli tatu. Siku tatu baadaye, walipotaka kuingia bandarini, meli yake ilikataa kugeuka ikagonga iliyokuwa nyuma. Wakatia nanga. Waongozaji waliokuwa wamechukuliwa kule Msumbiji wakajirusha majini wakatoroka. Akabaki na meli, mizinga na bahari asiyoijua.

Akafika Malindi tarehe 14. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpokea vizuri na kumwahidi rubani. Neno hilo siku hizi tumewaachia wa ndege, lakini rubani wa kwanza ni wa chombo cha majini, mtu anayejua njia. Siku zikapita, rubani haji. Tarehe 22, mtumishi wa mfalme alipopanda melini, Da Gama alimkamata na kutuma ujumbe: nipe rubani. Akapewa. Tarehe 24 waling'oa nanga, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Siku 26.

Rubani huyo alikuwa nani? Shuleni wengi tuliambiwa ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari kutoka Julfar. Wasomi wengi sasa hawakubali. Shajara ya safari yenyewe inasema tu alikuwa Mkristo, na tunajua Wareno wale walidhani Wahindu ni Wakristo. Waandishi wa Kireno waliokuja baadaye walisema ni mtu wa Gujarat, wakamwita Malemo Cana au Canaqua. Ukivunja hilo "jina" unapata maneno mawili: mwalimu, cheo cha muongoza chombo, na mnajimu, msomaji wa nyota. Ni kama mtu akuandike kwenye historia kama "Fundi Dereva". Hilo si jina, ni kazi.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana wakati wa kurudi. Da Gama aliondoka Angediva, karibu na Goa, tarehe 5 Oktoba 1498, bila kungoja kaskazi ianze. Kila nahodha wa bahari hii alijua kwamba kusi inakupeleka India na kaskazi inakurudisha. Safari iliyochukua siku 26 ikachukua karibu miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye. Walipofika tena Malindi Januari 1499 walikuwa wachache kiasi kwamba baada ya siku chache iliwabidi kuichoma meli moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Bahari ni ile ile, na meli ni zile zile.

Malindi leo kuna nguzo yenye msalaba wa mawe juu ya jabali, na watalii hupiga picha pale. Inaitwa nguzo ya Vasco da Gama. Nimesimama hapo nikiwa na hasira kidogo, nikiwaza vile mtu anaweza kuongozwa njia yote halafu akaandikwa kwamba ameivumbua, na aliyemwongoza akabaki cheo tu.

Hasira hiyo ilidumu mpaka nilipokuwa nasimulia stori yangu ya Kilifi kwa wasee Nairobi, pengine kwa mara ya ishirini. "Mzee mmoja mwenye ngalawa," nikasema. Dada mmoja akauliza, "Anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimemshukuru mara kumi, nikampa pesa za samaki alizokataa mara mbili kabla ya kupokea, nikajifunza kwake bamvua na maji mafu, na sikuwa nimemuuliza jina. Yeye alikuwa ameniuliza langu kabla hata hatujafika ufukoni.

Desemba nilirudi Kilifi. Nilimtafuta siku mbili pale wavuvi wanapopaki vyombo, nikimwelezea kwa ngalawa yake na kofia yake. Walinicheka: wazee wenye ngalawa na kofia wako wengi. Siku ya tatu kaskazi ilikuwa inapiga vizuri na beshte yangu alikuwa ameshatoa ubao. Kabla ya kuuingiza majini nilimfuata kijana aliyekuwa anashona nyavu, nikamuuliza maji yanapwa saa ngapi. Akanijibu bila kuinua kichwa.

Kisha nikamuuliza jina lake.